Injini Inayovuta Hewa ya Wizi

Pita asubuhi kwenye gereji za mitaani Ilala, Dar es Salaam, au zile za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na utasikia malalamiko yaleyale. Gari linatetemeka kwenye foleni. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka yenyewe, mguu haujagusa mafuta. Linazima ukikaribia taa za barabarani, lakini ukilitoa barabara kuu linakwenda vizuri tu, hadi unajiuliza kama uliota. Linakunywa petroli kuliko zamani. Taa ya injini inawaka wiki hii, inazima wiki ijayo, inawaka tena. Mwenye gari keshabadilisha plagi, keshanunua koili, kauziwa pampu ya mafuta, na sasa anaambiwa aende kwenye maduka ya spea ya Gerezani akatafute sensa ya oksijeni, hata ya mtumba.

Mara nyingi mhalifu ni kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kidole.

Magari yetu mengi yamefika umri wa ugonjwa huu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania huongeza ushuru kwa magari yaliyochakaa, lakini sheria hizo zinaishia bandarini. Gari likishatoka geti la Mombasa au Dar es Salaam linaweza kukaa barabarani miaka mingine 15 au 20, likibadilisha wenyewe kila baada ya muda. Ndiyo maana Corolla 110 yenye injini ya 5A, RAV4 za mwanzo zenye 3S, na Mark II za GX100 bado zinapeleka watoto shule na mizigo sokoni. Injini hizo ni ngumu kweli, chuma chake bado kina maisha. Kilichochoka ni mpira. Hosi iliyofungwa kiwandani Japani mwaka 1998 imeshapikwa na joto la injini zaidi ya miaka 25, ikaongezewa mvuke wa oili, jua la pwani, na vijana wa kuosha magari wanaopiga maji ya presha ndani ya boneti. Inakauka, ncha yake inapanuka na kuacha kubana, na pale inapokunjika inatoka ufa mwembamba usioonekana mpaka uipinde kwa mkono. Halafu kuna panya. Gari linalolala nje karibu na banda la kuku lisishangae kuamka na hosi iliyotafunwa.

Ili kuelewa kwa nini ufa mdogo unatesa gari zima, ni lazima kwanza kukubali jambo moja: injini ya kawaida ya petroli haisukumiwi hewa, inaivuta. Pistoni inaposhuka huku throtoli ikiwa karibu imefungwa, ndani ya manifoldi panabaki upungufu mkubwa wa mgandamizo. Nje, usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa takriban kilopaskali 100. Ndani ya manifoldi ya injini nzima iliyo kwenye sailensa, mgandamizo unashuka hadi karibu 30. Tofauti hiyo ndiyo mafundi wanaiita vakyumu, na gari linaitumia kwa kazi nyingi: kusaidia breki, kuvuta mvuke wa oili kutoka chini ya injini, kunyonya mvuke wa petroli kutoka kwenye kopo la mkaa, kurekebisha presha ya mafuta. Kila kazi ina hosi yake, na kila hosi ina ncha mbili zinazoweza kuvuja. Mtu anayekunywa dafu kwa mrija uliotoboka juu ya maji anajua kinachofuata: anavuta kwa nguvu zote, kinachofika mdomoni ni hewa.

Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. Injini ya lita 1.5 ikiwa kwenye sailensa hutumia hewa kidogo sana, kadiri ya gramu 2 kwa sekunde. Tundu la upana wa milimita 3 kwenye manifoldi, kwa vakyumu ya sailensa, linaweza kupitisha zaidi ya gramu 1 kwa sekunde. Yaani tundu ambalo ncha ya kalamu ya risasi inalijaza linaingiza nusu nzima ya hewa ambayo injini ilikuwa ikiihitaji, na inaingia bila kupita mlangoni. Ukikanyaga mafuta barabarani, injini hiyohiyo inavuta gramu 20 na zaidi kwa sekunde, na vakyumu yenyewe inapungua. Ile gramu moja ya wizi haionekani tena. Hapo ndipo lilipo jibu la kitendawili cha gari linalokufa kwenye foleni na kufufuka barabara kuu.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita haraka. Si kila gari lenye uvujaji wa vakyumu linaugua kwa namna moja. Magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000, kama IST, Vitz na Spacio zenye injini za VVT-i, yana sensa inayopima hewa mara inapotoka kwenye filta. Hewa ya wizi inaingia nyuma ya sensa hiyo, kompyuta haina habari nayo, inatoa mafuta ya hewa iliyohesabu tu. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na mafuta machache. Injini inamisi, inatetemeka, inazima. Corolla 110 na ndugu zake wa miaka ya 1990 wao wengi hawapimi hewa mlangoni. Wana sensa inayosoma mgandamizo ndani ya manifoldi yenyewe. Hewa ya wizi ikiingia, mgandamizo unapanda, kompyuta inaona kwamba hewa imeongezeka, inaongeza mafuta. Gari halikosi nguvu, linapiga kelele. Sailensa iliyopaswa kuwa mizunguko 700 au 750 inafika 1,200 au zaidi. Ikipanda mno huku mguu haupo kwenye mafuta, kompyuta inaamua kwamba gari linateremka mlima, inakata petroli. Injini inashuka, petroli inarudi, inapanda, inakatwa tena. Ndiyo ile sailensa inayocheza ngoma mbele ya duka huku mwenye gari ameingia kununua mkate.

Kwa hiyo fundi anayesema kuwa gari likivuta hewa ni lazima litetemeke, na fundi anayesema ni lazima sailensa ipande, wote wawili wana haki nusu. Swali la kwanza ni gari hili linapima hewa kwa njia gani. Fungua boneti, fuata bomba kutoka kwenye filta ya hewa. Ukikuta sensa yenye waya imechomekwa pale mwanzoni mwa bomba, ni lile kundi la kwanza. Ukikuta bomba tupu, na kwenye ukuta wa nyuma ya injini kuna kisanduku kidogo kinachounganishwa na manifoldi kwa hosi nyembamba, ni la pili. Hosi hiyo nyembamba nayo iangalie vizuri. Ikichomoka, kompyuta inadhani throtoli iko wazi kabisa na inamimina mafuta hadi eksozi inatoa moshi mweusi.

Gharama kubwa ya ugonjwa huu haimo kwenye hosi. Imo kwenye kubahatisha. Sensa ya oksijeni ndiyo inayoonewa kuliko zote. Kazi yake ni kusema kama moshi umebakiwa na oksijeni. Hewa ya wizi ikiingia, oksijeni inabaki, sensa inasema kweli, kompyuta inaandika kosa namba P0171, maana yake mchanganyiko una mafuta machache upande wa kwanza wa injini. Fundi anasoma, anaona sensa ya oksijeni imetajwa pembeni, anaihukumu. Mwenye gari ananunua nyingine. Baada ya siku mbili taa inawaka tena, kwa sababu sensa mpya nayo ni mkweli. Baada ya hapo ni pampu, nozeli, na kuna wanaofika hadi kubadilishiwa injini nzima ya mtumba, ambayo inakuja na hosi zake zilizokauka vilevile.

Katika gereji moja ya Ilala, chini ya mwarobaini, niliona kazi ya kutafuta uvujaji ikifanywa inavyopaswa. Gari lilikuwa Spacio ya mwalimu wa sekondari, limekuja likitetemeka hadi kioo cha pembeni kinacheza. Mwalimu alishika mfuko wa plastiki wenye plagi nne mpya.

"Fundi, nimeambiwa nibadilishe hizi na koili. Nianze na lipi?"

"Dada, usianze na chochote. Ziweke hizo kwenye gari, ngoja kwanza tulipime."

Alichomeka kifaa cha kusomea chini ya dashibodi, akaacha injini ipate moto. Hakusoma namba ya kosa peke yake. Alifungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Kuna rekebisho la papo kwa papo na kuna la muda mrefu, na yanajumlishwa. Gari zima hukaa karibu na sifuri, na hata likifika 10 juu au chini hakuna cha kuogopa. Spacio ile ilikuwa imeongeza 9 na 18, jumla 27. Fundi akamwomba kijana wake apande kwenye kiti.

"Kanyaga mpaka elfu mbili na nusu, ushikilie hapohapo."

Jumla ikashuka taratibu hadi 6. Akatabasamu. "Dada, pampu yako nzima. Gari linavuta hewa."

Alijuaje? Pampu dhaifu au filta ya mafuta iliyoziba inaonekana kinyume chake: kwenye sailensa gari linaridhika na kidogo linachopata, ila ukidai mafuta mengi upungufu unaongezeka, asilimia zinapanda. Sensa ya hewa iliyochafuka nayo husumbua zaidi injini inapodai hewa nyingi. Uvujaji wa vakyumu peke yake ndio unaokuwa mbaya kwenye sailensa na kupona kwenye resi. Kipimo hicho hakichukui dakika tano, na kinafuta nusu ya spea zinazonunuliwa kwa kubahatisha.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya macho na masikio. Alizima feni ya AC, akachukua kipande cha hosi ya urefu wa mkono, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine akaipitisha polepole juu ya manifoldi, chini ya throtoli, kwenye hosi ya breki. Uvujaji una mluzi wake mwembamba. Hakuusikia. Akaanza kubana hosi moja moja kwa plaizi iliyofungwa kitambaa ili isikate mpira. Alipobana hosi inayotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda manifoldi, ile ya kuvuta mvuke wa oili, injini ikatulia mara moja. Akaitoa. Juu ilikuwa safi kabisa. Chini, kwenye kona, palikuwa na mpasuko wa sentimita mbili, kingo zake zimelowa oili. Akamgeuzia mwalimu aone.

"Kumbe ni hii tu?"

"Ni hii tu. Plagi zako karudishe dukani, risiti si unayo?"

Si kila uvujaji unajisalimisha kirahisi hivyo. Hosi zikiwa nzima, mtuhumiwa anayefuata ni gasketi ya manifoldi, na baada yake oringi za nozeli. Hapo wengi hutumia dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta. Injini ikiwa inaunguruma unapuliza kidogo kando ya gasketi; dawa ikivutwa ndani, sailensa inabadilika ghafla. Kipimo hicho kinafanya kazi, na kimechoma magari. Dawa ile inawaka kama petroli, na eksozi ya moto haiko mbali. Mimi ningechagua maji safi kwenye chupa ya kupulizia, mvuke mwembamba tu, mbali na koili na waya za umeme. Maji yakivutwa kwenye ufa yanauziba kwa sekunde moja, injini inashtuka, umeshapata jibu. Wapo pia wanaofungulia gesi ya kupikia kupitia mpira na kuisogeza juu ya injini. Wanaofanya hivyo karibu na mtungi wanacheza na maisha yao na ya majirani.

Kipimo cha uhakika kuliko vyote ni moshi. Injini inazimwa, unaziba mlango wa hewa, unaingiza moshi kwenye manifoldi kwa presha ndogo mno, isiyofika hata presha unayotumia kupuliza puto. Unakaa na tochi ukitazama unapotokea. Mashine za moshi sasa zipo kwenye gereji kubwa za mijini, na mafundi wa mitaani wamejitengenezea zao kwa makopo, waya wa kupasha moto na mafuta ya watoto. Kwa Corolla 110 moshi una faida ya pekee, maana manifoldi ya 5A imegeukia ukuta wa nyuma, na uvujaji wa upande wa chini hauonekani bila kioo cha mkononi na shingo ya twiga. Asiwepo mtu wa kushawishika kuongeza presha kutoka kwenye kompresa ya matairi ili moshi utoke haraka. Itang'oa sili ambazo zilikuwa nzima.

Kwa magari yasiyo na tundu la kifaa cha kisasa, na hayo bado ni mengi, kuna njia ya zamani. Toyota nyingi za Japani za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cheusi ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, tafuta matundu ya TE1 na E1 kwenye mchoro wa ndani ya kifuniko hicho, yaunganishe kwa waya mfupi, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itapepesa. Ikipepesa haraka bila kupumzika, kompyuta haina la kusema. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, halafu mara tano, hiyo ni 25, mchanganyiko una mafuta machache. Angalia mara mbili kwamba umeshika matundu sahihi, kwa sababu mengine kwenye kisanduku hichohicho yana umeme.

Na kuna geji ya vakyumu, kifaa rahisi ambacho wazee wa kabureta walikuwa nacho na vijana wengi hawajakishika. Inachomekwa kwenye hosi ya manifoldi. Injini nzima Dar es Salaam, Tanga au Mombasa inaonyesha inchi 18 hadi 21 za zebaki kwenye sailensa, mshale umetulia. Mshale ukitulia chini zaidi, kwenye 12 au 14, ama kuna hewa ya wizi, ama taimingi imechelewa. Mshale ukitetemeka kwa mpigo, tatizo linaelekea kwenye valvu. Lakini kila unapopanda mita 300 hivi, geji inashuka kwa karibu inchi moja. Arusha ni mita 1,400 juu ya bahari. Nairobi na Mbeya ni kama 1,700. Mshale unaosimama kwenye 14 Mbeya ni wa injini iliyo salama. Mshale huohuo Tanga ni mgonjwa. Vitabu vingi vya ufundi havikuandikwa Mbeya, na fundi wa nyanda za juu anayevifuata neno kwa neno atafungua manifoldi isiyo na kosa.

Dalili nyingine inayopuuzwa ni saa ya ugonjwa. Gari linalotetemeka asubuhi na kupona baada ya dakika kumi, mshuku gasketi ya manifoldi. Imesinyaa, injini ikiwa baridi panakuwa na nafasi, ikipata moto chuma kinatanuka na kuiziba. Injini za 1ZZ, zilizofungwa kwenye Corolla za mwanzo wa miaka ya 2000, zinajulikana kwa kero hii. Ukipeleka gari la namna hiyo gereji saa sita mchana, likiwa limetoka Mbagala hadi Posta, fundi hataona kitu na atakuona msumbufu. Lilaze hapo gereji, liwashwe alfajiri.

Ukishapata palipovuja, matengenezo yenyewe ni mepesi, ila yana makosa yake. Hosi nyembamba huuzwa kwa mita. Kipenyo cha ndani ndicho kinachohesabika. Ya milimita 4 ikibanwa kwenye kichwa cha milimita 3 kwa klipu, itavuja ndani ya mwezi. Kama hosi ni ndefu na ncha tu ndiyo iliyopanuka, kata sentimita moja, chomeka tena, mambo yamekwisha. Hosi za silikoni zenye rangi nzuri zinavumilia joto sana, lakini mvuke wa oili na petroli unazilainisha. Hosi ya mvuke wa oili, kama ile ya Spacio, inataka mpira unaostahimili oili, na kwa sababu ina kona, inunue iliyofinyangwa kwa umbo lake. Ukipindisha hosi iliyonyooka pale, itajikunja ndani na vakyumu itaifunga.

Mpira wa dripu, mpira wa maji ya kuoshea kioo, selotepu, ukanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa: vyote nimeviona kwenye injini. Tyubu ya baiskeli ina heshima yake, itakufikisha kutoka Chalinze hadi Morogoro. Mpira wa dripu utayeyuka kabla hujafika. Mbaya zaidi ni gundi ya silikoni kupakwa kando ya gasketi ya manifoldi badala ya kubadilisha gasketi. Mvuke wa petroli unailainisha, vipande vinavutwa ndani, na uvujaji unarudi. Gasketi inabadilishwa kwa kufungua, kukwangua uso wa chuma bila kuuchimba, kuhakikisha kwa rula ya chuma kwamba manifoldi haijapinda, kisha kukaza boliti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Fundi anayekaza kwa nguvu ya bega tu kwenye kichwa cha aluminiamu anatafuta kazi nyingine ya kung'oa nyuzi.

Kuna ushahidi wa dhambi za zamani ambao lazima ufutwe baada ya matengenezo. Gari lililopita mikono mingi huenda skrubu ya throtoli ilishachezewa ili kulizuia lisizime. Ukiziba uvujaji bila kuirudisha, sailensa itakuwa juu na mteja atasema umemharibia. Vilevile kompyuta ya Spacio ile ilikuwa imezoea kuongeza mafuta kwa asilimia 18. Uvujaji ukiondoka, kwa muda itaendelea kuyamimina, na gari litanuka petroli. Futa kumbukumbu kwa kifaa cha kusomea, au chomoa waya wa hasi wa betri kwa dakika chache, kisha liendeshwe polepole na haraka, kwenye foleni na barabara wazi, hadi lijifunze upya. Angalia asilimia tena. Kazi ambayo haikupimwa mwishoni haijakamilika, hata kama sauti imekuwa tamu.

Wapo wanaosema gari linatembea, kwa nini nihangaike. Mchanganyiko wenye mafuta machache unamisi, na petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye kichujio cha eksozi na kukiyeyusha. Kama uvujaji uko karibu na silinda moja, silinda hiyo peke yake inafanya kazi kwa joto kubwa kuliko wenzake. Toa plagi utaona ncha yake imekuwa nyeupe huku nyingine ni za kahawia. Valvu ya eksozi ya silinda hiyo inaungua polepole bila kelele. Huko ndiko hesabu inakotoka kwenye bei ya hosi na kuingia kwenye bei ya kufungua kichwa cha injini.

Kwa mwenye gari, nina maombi machache tu. Ukienda gereji, eleza tatizo linatokea lini: baridi au moto, foleni au barabara wazi, AC ikiwa imewashwa au la. Usieleze spea unayodhani imekufa. Muulize fundi asilimia za marekebisho ya mafuta kwenye sailensa na kwenye mizunguko 2,500. Akikuambia hajazitazama, usinunue kitu siku hiyo. Ukibadilishiwa hosi, omba ya zamani uishike mkononi na uikunje. Na usiwaruhusu wakuzibie hosi kwa boliti eti haina kazi. Karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, kama ipo, inaonyesha kila hosi inakokwenda, na hakuna iliyowekwa kwa urembo.

Kisha kuna hosi moja ambayo haisubiri zamu gereji: ile nene inayokwenda kwenye busta ya breki. Ipime mwenyewe leo, gari likiwa limezimwa uani. Kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, iache imekanyagwa, kisha washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, au ukisikia pumzi ya hewa ndani ya gari kila unapokanyaga, gari hilo lisiingie barabarani hadi busta, hosi yake na valvu yake vifunguliwe na kukaguliwa.